Usilegeze Nyuzi Kabla Hujapima: Kulikagua Gitaa la Zamani la Archtop

Kosa kubwa katika ukaguzi wa gitaa la zamani hufanyika dakika ya kwanza. Kasha linafunguliwa, harufu ya vanishi kuukuu inapanda, mtu anavutiwa na rangi iliyoiva kwa miaka 70, kisha anaanza kulegeza nyuzi ili afute vumbi na kuchungulia ndani. Hapo ushahidi umeshafutika. Gitaa la archtop, lile lenye uso na mgongo vilivyobinuka kama fidla na matundu mawili ya herufi f, huonyesha ugonjwa wake likiwa limebeba mzigo. Seti ya nyuzi za 12 kwa 52 (unene wa uzi mwembamba na mnene kwa elfu za inchi) ikikazwa mpaka sauti yake ya kawaida huivuta shingo kwa zaidi ya kilo 60, na sehemu ya nguvu hiyo hushuka kupitia daraja na kuukandamiza uso. Shingo iliyoanza kung'oka, mhimili (fito ya mbao iliyogandishwa chini ya uso) uliobanduka ndani, uso uliobonyea: vyote hujificha mzigo unapoondolewa. Ndiyo maana napima kwanza, nalegeza baadaye, na umeme nauacha karibu na mwisho.

Mfano wa kufanyia kazi ni Gibson ES-175, kwa sababu ni archtop ya umeme inayopatikana sana sokoni na inabeba karibu kila kasoro ya jamaa zake. Ilitoka kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, mwaka 1949. Herufi ES zinasimama kwa gitaa la umeme la mtindo wa Kihispania, na 175 ilikuwa bei yake kwa dola. Mwili una upana wa inchi 16, kina cha milimita 86, freti 20, na shingo inaungana na mwili kwenye freti ya 14. Uzi una urefu wa milimita 628 hivi kutoka kichwani mpaka darajani. Wapiga gitaa Jim Hall, Joe Pass na Steve Howe walilipigia, na hilo limechangia bei yake ya leo. Jambo la kuweka akilini ni kwamba uso wake haukuchongwa kwenye mbao nzima kama wa L-5, archtop nyingine ya Gibson. Ni tabaka za mepo zilizogandishwa na kubanwa kwenye kalibu. Mbao ya tabaka haipasuki kirahisi kufuata nyuzinyuzi zake, lakini hubonyea, na tabaka zake zinaweza kuachana. L-5 au gitaa jingine la sprusi iliyochongwa lina tabia tofauti: kwake nyufa ndizo adui wa kwanza.

Vifaa vya kazi hii vinaingia kwenye mfuko mdogo. Chukua rula ya chuma ya sentimita 60 iliyonyooka kwelikweli, rula fupi yenye alama za nusu milimita, fila za gereji (bapa nyembamba za chuma za kupimia mwanya), kapo (kibanio cha kubana nyuzi shingoni), tyuna, kioo kidogo cha daktari wa meno, taa ndogo ya LED yenye waya unaopita kwenye tundu la f, multimita, na ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti za fedha. Simu yenye kamera nzuri inamalizia orodha.

Kabla ya kupima, uliza ni nyuzi gani zimefungwa. Gitaa hili lilitengenezwa kwa nyuzi nene. Muuzaji akiwa amefunga seti nyepesi ya 9 au 10, kila kipimo kitakudanganya kwa upande wake: shingo itaonekana imenyooka, uso utaonekana uko juu, nyuzi zitakuwa laini mkononi. Ukifika nyumbani ukafunga 12, gitaa linageuka jingine. Kama muuzaji anakubali, funga 12 na uliache gitaa usiku mmoja. Kama hakubali, pima hivyohivyo lakini weka tahadhari kwenye bei.

Kaza nyuzi zote mpaka sauti sahihi, kisha anza na upinde wa shingo. Weka kapo freti ya 1, bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 14, na uingize fila kati ya uzi na freti ya 7. Milimita 0.15 hadi 0.30 ni shingo yenye afya. Ukikuta 0.5 au zaidi, shingo inavutwa mbele na nondo iliyo ndani yake haijakazwa, au imekazwa na imeshindwa. Tofauti ya hali hizo mbili ni kubwa sana kwa mfuko wako, na jibu liko chini ya kile kifuniko chenye umbo la kengele kichwani. Kifungue kwa ruhusa ya mwenye gitaa. Nati ya nondo ya Gibson ni ya inchi 5/16. Usitumie spana ya milimita 8 hata kama inaonekana inaingia: ina uwazi kidogo, na nati ni ya shaba nyeupe laini inayochubuka pembe upesi. Angalia uzi wa nondo umetokeza kiasi gani mbele ya nati. Kama nati imekwisha njia, imekaa mwisho kabisa na shingo bado imepinda, fundi anaweza kuongeza washa chache na kupata robo tatu ya mzunguko. Kama pembe za nati zimeliwa na mbao iliyoizunguka imebonyezwa, kuna mtu amepigana nayo kabla yako. Zungusha si zaidi ya robo mzunguko, na uone kama shingo inaitikia. Nondo inayozunguka bila shingo kubadilika imekatika au imeng'oka ndani, na hiyo ni kazi ya kufungua ubao wa vidole.

Pima sasa urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 1.6 upande mwembamba na 2.0 upande mnene ni mpangilio mzuri. Wapigaji wengi wa jazi wenye nyuzi bapa wanaridhika na 2.0 na 2.5. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka uone daraja limepandishwa kiasi gani, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko pengine popote.

Daraja la ES-175 halikugundishwa. Limesimama juu ya uso kwa mkandamizo wa nyuzi tu. Lina kitako cha rozwudi, skrubu mbili zenye magurudumu madogo ya kushusha na kupandisha, na kipande cha juu kinachobeba nyuzi. Katika gitaa lenye pembe nzuri ya shingo, sehemu ya juu ya daraja husimama karibu inchi 1 juu ya uso, yaani milimita 25 au pungufu kidogo, na magurudumu yanabaki na nafasi ya kwenda pande zote mbili. Laza rula ndefu juu ya freti, ipite hadi darajani. Ncha yake inapaswa kugusa karibu na juu ya daraja. Ikigonga chini sana, katikati ya kitako, shingo imelala mbele.

Hesabu yake ni rahisi na haibadiliki: kushusha nyuzi milimita 1 kwenye freti ya 12, daraja lazima lishuke milimita 2, kwa kuwa freti ya 12 ni nusu ya njia. Tuseme nyuzi ziko milimita 3.2 na daraja limebakiwa na milimita 1 ya uzi wa skrubu. Ukilishusha lote utapata nusu milimita tu, na nyuzi zitabaki 2.7. Gitaa hilo linahitaji shingo ing'olewe kwa mvuke na kupachikwa upya. Gundi ya ngozi iliyotumika Kalamazoo inaruhusu kazi hiyo, lakini inachukua siku kadhaa za fundi mzoefu, na mara nyingi vanishi ya kisigino cha shingo inaguswa. Iingize kwenye bei kabla hujatoa senti.

Tatizo hili hufichwa kwa njia moja ninayoiona mara kwa mara. Mtu analisugua daraja. Anachukua kitako, anakipunguza kwa chini milimita 2 au 3, au anachimba mitaro ya nyuzi kwenye kipande cha juu mpaka nyuzi zinazama. Ukitazama haraka, magurudumu yana nafasi na nyuzi ziko chini, kila kitu sawa. Tazama kwa ubavu. Kitako kizima kina unene unaoonekana pembeni, na rangi ya rozwudi iliyokolea sawasawa. Kilichosuguliwa kina kingo nyembamba kama jani, na chini mbao ni nyepesi kwa rangi, imechubuka upya. Nyuzi kwenye kipande cha juu zinatakiwa zizame nusu ya unene wake tu. Zikiwa zimemezwa kabisa, umepata jibu lako.

Ukiwa hapo, jaribu kupitisha kipande cha karatasi ya daftari chini ya kitako. Kisipite popote. Kikipita katikati, kitako hakilingani na mbinuko wa uso: ama daraja si lake, ama uso umebadilika umbo. Kuhusu kubadilika umbo, rula fupi inatosha. Iweke kwa upana wa gitaa, nyuma kidogo ya daraja, kisha mbele yake. Mbinuko unatakiwa uwe laini na unaoendelea. Tazama pia midomo ya matundu ya f ukiwa umeinama usawa wa uso: ukingo wa ndani, ule wa upande wa daraja, ukiwa chini kuliko ukingo wa nje, uso umeanza kubonyea. Kubonyea kwa milimita 1 ni kawaida kwa gitaa la umri huu. Bonde unaloliona kwa macho ukiwa umesimama ni jambo zito, kwa sababu chanzo chake mara nyingi ni mihimili miwili ya ndani kubanduka au kuvunjika.

Gonga uso kwa kifundo cha kidole, taratibu, ukifuata mstari wa kila mhimili kutoka shingoni kuelekea mkiani. Mhimili ulioshika vizuri hutoa sauti moja nzito. Palipobanduka pana mlio wa kukwaruza au kama wa kadi mbili zinazogusana. Ila usiukimbilie mhimili kwa kila mlio mbaya. Mingi inatoka kwenye bawaba ya mkia (chuma kinachoshika ncha za nyuzi), kishikio cha kinga ya vidole, gurudumu la daraja lililolegea, au waya wa ndani unaogusa mgongo. Bana kila kimoja kwa kidole huku ukipiga noti ile ile inayokwaruza. Ukishika kitu na mlio ukakoma, umeokoa pesa nyingi.

Mkia wenyewe ukague pale unapopigwa skrubu mwishoni mwa mwili. Kipande cha mbao kilicho ndani ya sehemu hiyo hubeba mvuto wote. Ufa mwembamba unaoanzia kwenye kitufe cha mkanda na kupanda kuelekea uso, au bamba la chuma lililoinuka upande mmoja, maana yake skrubu zimechoka au kipande kimepasuka.

Kwenye freti, kimo ndicho kinachosema. Freti mpya za aina ile zina takribani milimita 1. Zikiwa chini ya 0.6, na mashimo chini ya nyuzi nyembamba kwenye freti tano za kwanza, gitaa litahitaji freti mpya, kwa sababu hakuna chuma cha kutosha cha kusawazisha. Angalia vilevile ncha zake. Kiwandani, ukingo mweupe wa plastiki ulipanda na kufunika ncha ya kila freti kwa kijinundu kidogo. Vijinundu vikiwapo, freti ni za kwanza. Vikiwa vimekatwa na freti kupita juu ya ukingo, zimebadilishwa. Kubadilisha freti kwa fundi mzuri si dhambi, na mimi ningelipendelea gitaa lenye freti mpya zilizopangwa vizuri kuliko la asili lisilopigika. Halafu laza rula kwenye freti za 12 hadi 20. Mara nyingi ubao hupanda kama nundu pale shingo inapoingia mwilini, na noti za juu zinakwaruza hata nyuzi zikiwa juu.

Kichwa ndipo gitaa la Gibson linapovunjika. Shingo ni ya mahogani, kichwa kimeinamia nyuma kwa digrii 17, na mbao imechimbwa mfuko wa nati ya nondo mahali pale pale palipo pembamba. Kasha likianguka kwa mgongo, kichwa kinakatika hata bila kuguswa na kitu, kwa kani ya uzito wa funguo za kukazia nyuzi tu. Geuza gitaa, lete mwanga kwa pembeni, na pitisha ukucha polepole kutoka nyuma ya freti ya 1 hadi katikati ya kichwa. Mstari unaonasa ukucha, unaokwenda kwa mshazari kufuata nyuzinyuzi, ni ufa. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa nyuma ya kichwa na kufifia kuelekea shingoni, kwenye gitaa ambalo halikutoka hivyo, ni ya kutiliwa shaka mpaka ithibitike vinginevyo. Kichwa kilichokatika na kugundishwa vizuri kinaweza kupigwa miaka 50 mingine, lakini sokoni gitaa hilo hupoteza karibu nusu ya thamani.

Zima taa za chumba na uwashe tochi ya noti. Vanishi ya nitroselulosi iliyozeeka hung'aa kwa rangi ya kijani-njano, kama ukungu wa mwanga juu ya mbao. Palipopakwa upya hubaki giza au zambarau iliyofifia, na mpaka wake unaonekana wazi. Tazama nyuma ya kichwa na kisigino cha shingo. Ongeza ukingo wa jeki (tundu la kuchomekea waya), mzunguko wa pikapu (kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), na eneo la nyuma ya mkia. Tahadhari moja: sehemu ambazo mkono umezisugua mpaka mbao, kama nyuma ya shingo, hazing'ai hata zikiwa za asili. Usikubali mtu adondoshe asetoni ili kupima vanishi. Nitroselulosi inayeyuka palepale, na umebaki na kovu la kudumu kwa jibu ambalo tochi ilikuwa imeshakupa.

Mistari myembamba iliyotambaa kwa upana kwenye vanishi isikutishe. Vanishi na mbao havitanuki sawa, na kila baridi kali ya Michigan iliyofuatwa na chumba chenye joto iliongeza mistari yake. Mpasuko wa mbao ni kitu kingine: unafuata nyuzinyuzi, unanasa ukucha, na ukiangalia kwa kioo kutoka ndani mara nyingi unaonekana upande wa pili. Kwenye ES-175 ufa hutafutwa hasa ubavuni, kuzunguka jeki. Jeki iko ubavuni, na mtu akikanyaga waya mara moja, tabaka zinachanika.

Ukingo wa plastiki husinyaa kadiri miaka inavyokwenda. Unajitenga kwanza kiunoni na kwenye ile pembe kali ya mkato wa mwili karibu na shingo, ukiacha mwanya wa nusu milimita hadi 1. Ukiwa mzima na umejitenga tu, unarudishiwa. Ukiwa unavunjika kama biskuti, tatizo ni kemia. Seluloidi imetengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri. Ikiwa na afya hunukia kafuri kidogo. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaowasha pua, na dalili yake iliyo wazi zaidi iko kwenye chuma: kutu ya kijani kwenye skrubu, mkia na vifuniko vya pikapu vilivyo karibu na kipande kinachooza, huku chuma cha mbali kikiwa safi. Ugonjwa huu ni mkali kwenye magitaa ya Gretsch ya miaka ya 1950 na 1960, na kwenye kinga za vidole za magitaa ya D'Angelico. Kipande kinachooza kiondolewe kikae nje ya kasha, kwa sababu mvuke ukifungiwa humo unaambukiza plastiki nyingine. Vishikio vya funguo za Kluson navyo husinyaa na kukatika. Hivyo vinabadilishwa kwa bei ndogo, na ufunguo wenyewe ukabaki ule ule.

Funguo zilizobadilishwa zinasomeka kwenye matundu. Kluson hukaa kwenye tundu la milimita 8.7. Funguo za Grover zilizofungwa kwa wingi miaka ya 1970 zilidai tundu lipanuliwe mpaka karibu milimita 10. Ukiona Kluson zinazong'aa, ondoa moja utakapolegeza nyuzi na utazame tundu. Likiwa limepanuliwa na kuwekewa pete ya kuziba, gitaa limeshapita kwa Grover na kurudi.

Umri wa gitaa usiupokee kwa mdomo. Kutoka 1947 mpaka 1961 lebo ya ndani ina namba inayoanza na A. Lebo ilikuwa nyeupe mwanzo, ikawa ya rangi ya chungwa katikati ya miaka ya 1950. Zaidi ya lebo, ambayo inaweza kuhamishwa, tafuta mhuri wa wino uliopigwa mbaoni, kwenye mgongo kwa ndani, ukichungulia tundu la f la upande wa nyuzi nyembamba. Kati ya 1952 na 1961 mhuri huo una herufi inayorudi nyuma ya alfabeti: Z ni 1952, Y ni 1953, X 1954, W 1955, V 1956, U 1957, T 1958, S 1959, R 1960, Q 1961. Baada ya hapo namba zilichapwa nyuma ya kichwa, na zile za miaka ya 1960 zilirudiwa mara nyingi, kwa hiyo utegemee vitu vingine. Nati ya kichwani, kile kipande kinachogawa nyuzi, ilikuwa na upana wa inchi 1 na 11/16 mpaka katikati ya 1965, ikapunguzwa kuwa inchi 1 na 9/16. Pembe ya kichwa ikashuka hadi digrii 14 mwaka 1966 hivi. Nundu nyuma ya shingo na mhuri wa MADE IN U.S.A. ni dalili za miaka ya 1970.

Herufi hizo zinafanya kazi pamoja na pikapu. ES-175 ilizaliwa na P-90 moja (pikapu ya koili moja), ikapata toleo la P-90 mbili mwaka 1953, na mwaka 1957 zikaingia hambaka, pikapu za koili mbili. Gitaa lenye V ndani na hambaka juu lina maswali ya kujibu. Linaweza kuwa lilianzwa 1956 na kumalizwa 1957, kwani mhuri hupigwa kazi inapoanza. Mara nyingi zaidi mtu alikata uso. Nyuzi zikishalegezwa, fungua fremu ya pikapu na utazame kingo za tundu: mkato wa kiwandani una kona zile zile na vumbi la miaka, wa nyumbani una mbao nyeupe na alama za faili.

Kuhusu hambaka za kwanza, kibandiko cheusi chenye maandishi ya dhahabu ya Patent Applied For (hataza imeombwa) kilitumika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichofuata kina namba ya hataza 2,737,842, ambayo kwa kweli ni ya mkia wa Les Paul na si ya pikapu. Vibandiko vinachapishwa upya leo kwa ustadi mkubwa. Thamani ya pikapu mbili hizi ni kubwa kiasi kwamba wengine huzitoa na kuuza gitaa peke yake. Usiondoe lehemu za kifuniko ili kuchungulia koili. Kifuniko ambacho hakijawahi kufunguliwa kina thamani, na mabonge mawili ya lehemu ya zamani yaliyofifia ni sehemu ya ushahidi.

Umeme unapimwa bila kufungua kitu. Chomeka waya kwenye jeki, fungua volyumu zote mpaka mwisho, na shika ncha mbili za waya kwa multimita. Ukichagua pikapu moja moja, P-90 na hambaka za wakati ule zote husoma kati ya kilo-omu 7 na 9, pungufu kidogo kwa sababu poti ya volyumu (kirekebisha sauti) ya kilo-omu 500 imekaa sambamba nayo. Kusoma bila kikomo ni koili iliyokatika, au swichi na jeki vichafu. Zungusha swichi mara 20 upime tena kabla ya kuhukumu. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele wa mtu, na jasho likiingia hukatika. Chomeka kwenye amplifaya na ushike mkia kwa kiganja. Mngurumo ukipungua, waya wa ardhi umefika kwenye mkia. Usipobadilika, waya umekatika mahali.

Sasa unaweza kulegeza nyuzi. Chora kwanza penseli laini au weka mkanda wa karatasi kuzunguka kitako cha daraja, usije ukatumia nusu saa kutafuta mahali pake. Pima urefu wa uso chini ya daraja kutoka kwenye rula iliyolazwa, legeza, subiri robo saa, pima tena. Uso ukipanda zaidi ya milimita 2, mihimili haifanyi kazi yake. Ingiza taa na kioo kwenye tundu la f, fuata kila mhimili mpaka mwisho ukitafuta mwanya mweusi, na tazama kiungo cha shingo kwa ndani. Gundi nyeupe ya kisasa iliyochuruzika, skrubu au boliti kwenye kisigino ni alama za mtu aliyetengeneza kwa haraka, na ndizo zinazoifanya kazi halali ya baadaye kuwa ngumu mara mbili.

Poti pia zinaonekana kwa kioo. Mgongo wa poti una namba. 134732 ni ya kiwanda cha CentraLab (134), mwaka unaoishia na 7, wiki ya 32. Kwenye gitaa hili hiyo ni 1957. 1376615 ni ya kiwanda cha CTS (137), 1966, wiki ya 15. Poti inaweza kuwa na umri wa miezi kadhaa zaidi ya gitaa, ila haiwezi kuwa changa kuliko gitaa na bado iwe ya asili. Lehemu mpya inayong'aa kati ya lehemu zilizofifia inaonyesha kilichoguswa.

Kama gitaa litavuka mpaka, kuna jambo la karatasi. Ubao wa vidole wa ES-175 za miaka ya 1950 ni wa rozwudi ya Brazili, mti uliopo kwenye Kiambatisho cha 1 cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, na kuusafirisha kunahitaji vibali vya pande zote mbili. Nafuu iliyotolewa mwaka 2019 kwa vyombo vya muziki vilivyokamilika inahusu jamii nyingine za mti huo, ukiwemo mpingo wetu, haiuhusu wa Brazili.

Gitaa lililolala miaka mingi kwenye nyumba kavu ya Chicago likifika Mombasa au Dar es Salaam hunywa unyevu. Uso unapanda, nyuzi zinainuka, na mtu anaharakisha kukaza nondo au kusugua daraja. Weka kipimo cha unyevu ndani ya kasha, ulishikilie karibu asilimia 45 hadi 55 kwa silika, na lisubiri wiki mbili likiwa limekazwa nyuzi. Kisha rudia vipimo vile vile, kuanzia upinde kwenye freti ya 7, na uandike tarehe pembeni ya kila namba.